Kuwaona maiko wa Kyoto: jukwaani au kwenye chumba cha mikeka?

Mchanga_wa_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa nne mwakani nitakuwa Kyoto siku tano na dada yangu anayemaliza masomo Osaka. Nataka kuwaona maiko, wale mabinti wanaojifunza kuwa geiko, yaani wasanii wa kike wa ngoma na muziki (Kyoto hawasemi geisha), wakicheza. Nimepata njia tatu: onyesho la Gion Corner, tamasha la Miyako Odori, na kukaa nao chumbani kwenye nyumba ya chai, ambako huwaburudisha wageni. Ipi inamfaa mgeni asiyejua Kijapani?

Kanga_Mbili
Kalenda imeshakuamulia. Miyako Odori huchezwa mwezi wa nne, tangu 1872, wakati Kyoto ikijaribu kujiinua baada ya mfalme kuhamia Tokyo. Ni kama saa moja, na pazia halishuki kati ya sehemu na sehemu. Mimi mwanzo wake hautanitoka: sauti inaita, wachezaji wote wanaitikia "yoiyasa!", kisha wanaingia kwa safu kutoka pande mbili za ukumbi, kimono za buluu tupu. Nilisisimka mwili mzima. Kata tiketi yenye chai, na kile kisahani cha kitafunwa unaondoka nacho.

Bandarini
Gion Corner nayo msiidharau, ila ujue unachonunua. Chini ya saa moja unaonjeshwa koto (ala ndefu ya nyuzi), uandaaji wa chai, upangaji wa maua, vikaragosi vya bunraku na mengine. Ngoma ya maiko ni dakika chache tu. Kama una jioni moja mjini, inatosha. Wewe una siku tano.

Mwanafunzi_Kansai
Niseme kuhusu chumbani, maana nimewahi kukaa. Nyumba za chai hazipokei mtu asiyeletwa na mteja wa siku nyingi. Watu huona ni majivuno, lakini zamani mgeni hakulipa usiku ule. Mwenye nyumba aligharimia chakula, wachezaji, hata usafiri, bili ikafuata baadaye. Aliyekuleta ndiye mdhamini wako. Siku hizi baadhi ya hoteli na migahawa huandaa chakula cha jioni pamoja na maiko, na ndivyo nilivyoingia mimi, tukiwa wanane tuliochangia gharama.

Ilikuwa mwezi wa sita, maiko wetu kichwani kavaa pambo la majani ya mwerebi, kwa sababu mapambo hubadilishwa kila mwezi. Mdomo wa chini tu ndio uliopakwa rangi, alama ya maiko mchanga kazini. Alicheza hatua mbili kutoka magotini mwangu. Geiko mtu mzima alipiga shamisen, ala ya nyuzi tatu, na kati ya pigo na pigo nikasikia soksi za maiko zikiteleza juu ya mkeka. Ukumbini sauti hiyo huipati.

Baadaye tukacheza mchezo wa konpira. Kuna kitu kidogo mezani, mnapokezana kukigusa kwa mdundo. Kikiwepo, unaweka kiganja wazi; mwenzako akikinyakua, unaweka ngumi. Shamisen inazidi kukimbia mpaka mmoja akosee. Hakuna lugha inayohitajika hapo.

Kanga_Mbili
Niongeze la adabu. Tusiende na mazoea ya taarabu, mtu kuinuka na noti kwenda kumtunza anayecheza. Huko malipo yake yamo kwenye bili, na kimono haiguswi. Halafu vichochoro binafsi vya Gion, mtaa wa maiko, vimefungwa kwa watalii tangu 2024, faini yen 10,000. Naunga mkono kabisa. Maiko ni binti wa miaka 16 au 17 anayewahi kazini, na watu walikuwa wakimzingira na simu.

Bandarini
Anayekwenda kiangazi aulizie bustani ya bia ya Kamishichiken, mtaa mwingine wa maiko. Maiko na geiko hupita meza kwa meza kuzungumza na wageni, wala huhitaji wa kukutambulisha.

Mchanga_wa_Tanga
Nawashukuru sana. Tiketi ya Miyako Odori yenye chai nakata, na dada ataiandikia hoteli kuhusu chakula cha jioni. Swali la mwisho: sisi hatunywi pombe wala hatuli nguruwe. Itawezekana?

Mwanafunzi_Kansai
Semeni wakati wa kuweka nafasi, si siku yenyewe. Michuzi mingi ya huko hupikwa kwa sake au mirin, ambazo ni pombe za mchele, kwa hiyo tajeni na hilo waziwazi. Kwenye konpira anayeshindwa hunywa, lakini chai inakubalika. Maiko mwenyewe akiwa chini ya miaka 20 haruhusiwi pombe. Yule wetu alikuwa na glasi ya chai usiku kucha.