Watoa huduma wa intaneti, mnatuuzia uhaba wa IP huku dawa mmeifungia kabatini

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naongea. Kama kuna mtu wa kampuni za intaneti humu ndani, asome mpaka mwisho, maana kwenye namba zenu za huduma kwa wateja hakuna anayesikiliza.

Mimi ni fundi wa mitandao na kamera hapa Dar. Nina mteja ana duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, mwenyewe anakaa Kibaha. Kafunga faiba, analipia kifurushi bila kuchelewa, na anachotaka ni kimoja tu: akiwa nyumbani aone kamera za dukani moja kwa moja, picha za kaunta yake zisizungukie kwanza kwenye seva za watu asiowajua. Nikaingia kwenye ruta, upande wa WAN (unaotazama intaneti) nakuta IP, yaani anwani ya mtandaoni, inaanza na 100.72. Nikajua tumekwisha. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya CGNAT, yaani kurundika wateja lukuki nyuma ya IP moja ya mtoa huduma. Hapo fungua poti (mlango wa kupitishia data) kwenye ruta mpaka kuche, hakuna kitakachoingia, kwa sababu kinachozuia kiko kwao, si dukani.

Nikapiga simu. "Zima ruta, subiri dakika tano, washa." Nikamwambia dada, ruta haina shida, naomba mtuwashie IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za intaneti, kwenye laini hii. Kimya. Halafu: "Samahani kaka, hicho ni kifurushi cha bei gani?" Yeye simlaumu, hajafundishwa. Akanipa mkubwa wake, na mkubwa bila aibu: IPv6 bado hatutoi, ila tunaweza kukuuzia IP ya kudumu, utalipia kila mwezi juu ya kifurushi chako.

Yaani mnanibana ninyi wenyewe, kisha mnanitoza nipumue?

IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, ina biti 32, sawa na anwani kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Watu peke yao tumepita bilioni 8, hujagusa seva, kamera wala simu ya pili mfukoni. Na hili si jambo la jana. Maelezo ya kwanza ya kiufundi ya IPv6, yenye biti 128, yalichapishwa Desemba 1995. Tarehe 3 Februari 2011 IANA, wasimamizi wa anwani za intaneti duniani, ikagawa mafungu matano ya mwisho ya IPv4, moja kwa kila kanda. Tarehe 6 Juni 2012 wakubwa kina Google na Facebook wakawasha IPv6 na hawajaizima tena. Kanda yetu ya Afrika, ambayo anwani zake zinagawiwa na AFRINIC iliyoko Mauritius, ndiyo iliyobaki na akiba kwa muda mrefu kuliko wengine, lakini tangu Januari 2020 inagawa kwa kubana, mwombaji hapati zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Na hata hicho kidogo chetu kilichezewa: mwaka 2019 ikafichuka kwamba mamilioni ya anwani za Afrika yalihamishwa kinyemela kwa kuchakachua kumbukumbu. Mwaka unaofuata ndiyo tukaanza kubanwa. Hasira zangu mnazielewa?

Sasa njoo kwenye IPv6. Fungu la kawaida la mtoa huduma ni /32 (namba ya baada ya mkwaju ikiwa ndogo, fungu ni kubwa). Ndani yake kuna mafungu 65,536 ya ukubwa wa /48, na kila /48 inabeba mitandao mingine 65,536. Duka la Mbagala linahitaji mtandao mmoja. Na kampuni hii ninayoilalamikia /32 yake ipo! Nimeiona kwenye whois (daftari la usajili) ya AFRINIC, imesajiliwa miaka mingi, ila ukiitafuta kwenye BGP, mfumo ambao mitandao hutangaziana anwani zake, haitangazwi popote. Imelala tu.

Visingizio nimevisikia vyote. Eti vifaa vya wateja ni vya zamani. Vya zamani kiasi gani? Windows Vista ya 2007 ilikuja IPv6 ikiwa imeshawashwa. Eti gharama. Mitambo ya CGNAT nayo mlipewa bure? YouTube, Facebook na Netflix zote zinapatikana kwa IPv6, kwa hiyo mkiwasha, sehemu kubwa ya mzigo wa jioni haipiti tena kwenye hiyo mitambo. Eti usalama. NAT (kuficha vifaa vingi nyuma ya IP moja) si fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi), ruta yoyote ya maana ina fayawoli ya IPv6 na inazuia vya kutoka nje hadi uruhusu. Wala sijasema mzime IPv4 leo, endesheni zote mbili sambamba kama wenzenu. Jio ya India ilianza 2016 na IPv6 ndani, kwa mamilioni kwa mamilioni ya wateja, wengi wao wana simu za bei chee kama hizi zetu za Kariakoo.

Msije mkadhani ni shida ya mafundi wa kamera tu. Mmoja kati ya mnaoshiriki IP akituma spamu, IP ikifungiwa mmefungiwa wote. Ndiyo sababu kila ukitafuta kitu unaambiwa uchague picha zenye pikipiki kuthibitisha wewe si roboti. Vijana wa gemu nao wanajua mateso ya NAT kali. Na siku mhalifu akitafutwa kwa IP, bila namba ya poti na muda kamili, wanaoshukiwa ni mtaa mzima.

Wadau, nani humu laini yake inatoa IPv6 kweli? Fungua test-ipv6.com, weka picha ya skrini, andika mkoa na kama ni faiba au 4G. Nikipata ya uhakika, mteja namhamisha. Jina la kampuni msiniulize kwa sasa, bado ana mkataba nao.