Mtoto anarudisha msosi wa shule, nimfungie nini?

Mama Junior: Jamani naombeni msaada, mwanangu yuko darasa la 2, kila siku namfungia wali maharage anarudi nao umegandiana kwenye hotpoti hajagusa, anachotaka ni chipsi na soda tu, naumia kweli, nifanyaje?

Baba Neema: Pole dada. Wali ukipoa unakuwa mkavu, unamkaba. Wangu nilimbadilishia viazi vitamu na yai la kuchemsha, vinalika hata vikipoa, anamaliza.

Bi Mwana: Maharage usiache mwanangu, mpe jioni na kachumbari ukamulie ndimu, ila chai ya rangi isiwe hapo mezani maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Mama Junior: Asanteni, kesho naanza na viazi 🙏