Ndege kajivuta njiani kama kavunjika bawa, kisha karuka mzima: ni ugonjwa au nimechezewa?

Mkagua_Uzio

Wakuu, habari za jioni.

Kila siku nikishafunga banda la ng'ombe nazunguka shamba mara moja, kutoka nyuma ya nyumba hadi uzio wa chini na kurudi. Hazizidi dakika 20. Nyumbani nimeaga kwamba nakagua seng'enge. Ukweli ni kwamba napenda tu kujua nani kapita.

Jana nilianza vizuri. Yangeyange watatu walikuwa bado malishoni wameduwaa, maana ng'ombe wameshaingia bandani na hakuna tena wa kuwarushia panzi kutoka kwenye nyasi. Kwenye mti ulioinamia bwawa, mnana dume alikuwa anabomoa kiota chake mwenyewe, anachomoa jani moja moja anatupa majini. Nadhani jike kaja, kakagua, kakataa. Nilimwonea huruma. Kinyonga alikuwa kwenye waya, jicho moja kwangu, la pili kwa mbwa. Nguchiro nilimwona mkia tu.

Sasa swali lenyewe. Kwenye kona ya uzio, karibu na kichuguu, giza likianza kuingia, kitu kiliruka karibu kabisa na kiatu changu. Nilidhani ni jani kavu, ila upepo haukuwepo. Kikatua hatua tano mbele, kumbe ndege, ana rangi ya majani makavu na maganda ya mti. Akaanza kujivuta chini, bawa moja limelegea, linaburuzika vumbini. Nikasogea, naye akajivuta tena. Nikavua kofia nimfunike, na mbwa naye kachachamaa. Alipogeuka kunitazama akafungua kinywa. Wakuu, kile kidomo ni kidogo kama punje ya mchele, lakini kinywa kilipasuka hadi chini ya macho! Akanipulizia kama nyoka.

Akatupeleka hivyo hatua kama 30 mpaka kwenye shimo la mbolea, kisha akaruka kimya, mabawa yote mawili mazima, akapotea. Nikabaki nimeshika kofia, mbwa ananiangalia mimi.

Je, alikuwa mgonjwa? Nauliza kwa sababu nina kuku.

Sauti_ya_Shamba

Huyo bundi mdogo. Wakipigwa na mwanga huwa wanachanganyikiwa.

Mama_Vifaranga

Si bundi, kaka. Huyo ni kirukanjia (jina hilo lina matumizi mengine, tuyaache). Kakaa njiani, unamkaribia hadi unataka kumkanyaga ndipo anaruka, anatua mbele kidogo. Hicho kinywa ndicho nyavu yake. Anaruka nacho wazi jioni na usiku, anakamata nondo na mbawakawa hewani. Ungemwona kwa karibu zaidi ungekuta vinyweleo vigumu kama masharubu pembeni mwa mdomo.

Mgonjwa hakuwa. Ana mayai pale, au vifaranga. Hawa hawajengi kiota, wanataga juu ya ardhi tupu au kwenye majani makavu, mara nyingi yai moja au mawili, na wanategemea rangi yao tu kujificha. Akiona hatari imezidi anajifanya kavunjika ili umfuate yeye. Ulipokuwa unajiona mwokozi na kofia yako, yeye alikuwa anakuhamisha. Rudi ukaangalie ALIPORUKIA, si alipotua. Na mbwa afungwe.

Mzee_wa_Zizi

Mimi nilikua nikiambiwa hao hunyonya maziwa ya mbuzi usiku. Ukimwona zizini, fukuza.

Mama_Vifaranga

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni ya zamani sana, hata Aristoteli aliiandika, na jina lake la Kilatini, Caprimulgus, maana yake ni mkamua mbuzi. Lakini kwa mdomo ule atanyonya vipi? Anafuata wadudu, na wadudu wanafuata mifugo. Anakupunguzia nondo bure, usimfukuze.

Mkagua_Uzio

Mrejesho. Asubuhi nilimfunga mbwa nikaenda peke yangu, polepole, nachagua pa kukanyaga. Nilisimama pale pale nilipokuwa jana, nikaangalia majani kwa muda mrefu. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeshageuka niondoke ndipo nikaona jani moja lina jicho. Lilikuwa limefumbwa karibu lote, umebaki mstari mweusi mwembamba unaong'aa. Ukishaliona jicho, ndege mzima anajichora taratibu: kichwa, bega, mkia. Alikuwa umbali wa mkono wangu muda wote.

Sikumgusa, na safari hii hakuruka. Nilirudi kinyumenyume. Mayai sikuyaona kwa sababu kayalalia, ila ninapokumbuka nilivyoweka mguu jana, kisigino kilipita pembeni mwake kwa upana wa viganja viwili.

Dada Mama_Vifaranga, nimeshukuru. Nimuache muda gani?

Mama_Vifaranga

Kuatamia ni kama wiki mbili na nusu. Vifaranga wakitoka wana manyoya laini tayari na wanaweza kujisogeza kidogo, kwa hiyo usishangae ukikuta wamehama hatua chache. Usiende kumchungulia kila siku, maana nguchiro wako naye ana macho.

Sauti_ya_Shamba

Basi mimi niliwahi kumbeba mmoja kwenye ndoo hadi nyumbani nikidhani kaumia. Eti alipona humo humo kwenye ndoo!

Mkagua_Uzio

😂 Pole ndugu, angalau wewe ulimkamata.

Nimehamisha mzunguko, napitia upande wa bwawa. Tatizo ni kwamba waya uliolegea upo kwenye kona ile ile, na nyumbani wameanza kuuliza kwa nini mkaguzi anaenda kila jioni na waya haukazwi. Mnana ameanza kiota kingine, tawi la juu kidogo.