Boneti ya kaboni imegeuka njano, inarudi au ndo nipige rangi nyeusi yaishe?

Boksa_Tegeta
Habari zenu wakuu. Nina Impreza WRX STI niliyoagiza Japani, ilikuja na boneti ya kaboni faiba aliyofunga mwenye gari wa hukohuko, na spoila ya nyuma nayo kaboni. Ilivyotoka bandarini aisee ilikuwa inang'aa mpaka unajiona sura, Mwenge pale watu wananisimamisha kuuliza bei. Huu mwaka wa tatu sasa, gari linalala nje maana nilipopanga hakuna banda, kazini Posta nako linashinda juani kutwa. Boneti imekuwa njano kama chai ya maziwa, ile sura ya mkeka ya nyuzi zilizosukwa haionekani vizuri, na kule mbele karibu na skupu, lile tundu la hewa, kuna weupe kama unga halafu klia, lile koti la juu linalopitisha mwanga kama kioo, inabanduka kama nyoka anavua gamba. Spoila afadhali kidogo ila naona nayo inaelekea hukohuko.

Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema kaboni ikishaoza ndo basi, tupige nyeusi. Wa pili akachukua tambara na polishi ya dashibodi akapaka, ikang'aa nikafurahi nikampa na hela ya soda, kesho yake jua lilivyopiga njano ileile na sasa hivi inashika vumbi balaa. Wa tatu alishashika msasa namba 180, ule wenye makali, nikamwambia kaka ngoja kwanza nikaulize. Mwenye uzoefu msaada tafadhali, inarudi au nimeliwa?

Chuma_Chakavu
Pole mkuu. Hiyo uza kwa anayependa chai ya maziwa 😂 natania, nakaa hapa nisome.

Fundi_Klia
Huyo wa 180 Mungu kakuokoa. Angepiga dakika tano tu ungekuwa unatafuta boneti nyingine.

Tuelewane kwanza mkuu, kaboni yenyewe haigeuki njano, nyuzi zake ni nyeusi na zitabaki nyeusi. Kinachogeuka ni gundi iliyozishika, yaani resini, mara nyingi ni epoksi, na epoksi na jua ni paka na panya. Miale ya UV inaivunjavunja pale juu, inaanza njano, ikiendelea inatoa huo unga mweupe. Ndo maana juu yake inatakiwa klia yenye dawa ya kukinga UV, na hiyo dawa nayo inachoka taratibu, Dar hii jua la saa saba unalijua, klia nyepesi haichukui muda. Boneti nyingi za kununua pembeni juu yake ni resini tupu iliyopigwa polishi au klia nyembamba kama karatasi, zinapendeza kwenye picha basi. Halafu ujue mara nyingi kaboni ni safu moja tu ya juu, chini ni faiba glasi ya kawaida, kwa hiyo hauna cha kukwangua sana.

Fanya hivi. Osha na sabuni, halafu hiyo polishi ya dashibodi itoe yote na kitambaa chenye spiriti, badilisha kitambaa mara nyingi, maana ina silikoni na ikibaki klia mpya haitashika, itakufanyia vishimo vishimo kama ndui. Ikishakauka mwagia maji uangalie ikiwa imelowa. Mkeka ukirudi mweusi, ugonjwa uko juujuu kwenye klia. Ikibaki njano hata imelowa, basi imeshaingia kwenye resini. Jibu hilo ndo linaamua kazi, usimruhusu mtu aguse msasa kabla.

Boksa_Tegeta
Fundi Klia ubarikiwe. Nimefanya leo asubuhi. Spoila yote inarudi nyeusi ikilowa, boneti upande wa kioo inarudi, ila mbele kuanzia kwenye skupu inabaki njano hata nikimwaga ndoo nzima. Tena pale ndo chini yake kuna intakula na taabo, vile vya kupoza na kusukuma hewa ya injini, inawezekana joto limechangia?

Fundi_Klia
Joto linachangia ndio, ila adui mkubwa ni jua. Ungekuta chini ya boneti nako kumekuwa njano ningesema joto, kaangalie.

Spoila kazi ndogo, msasa wa maji 1500 halafu 2000, mkono mwepesi, maji mengi, kisha kompaundi na polishi. Angalia maji yanayotoka, yakiwa meupe kama maziwa unakwangua klia, uko salama. Yakianza kuwa meusi SIMAMA, hapo umeshafika kwenye nyuzi zenyewe na zikishakatwa haziungi.

Boneti hiyo haina njia ya mkato, klia yote itoke. Ivue kwenye gari kabisa, usikwangulie ikiwa imefungwa, vumbi la kaboni linapitisha umeme, likiingia kwenye waya na alteneta utatafuta ugonjwa mwezi mzima. Anza na 320 juu ya kibao, usitumie vidole vitupu vitakuchimbia mifereji, nenda 400 mpaka 600, yote kwa maji. Njano ya resini kawaida iko juu tu haijazama, ikitoka unaacha hapohapo. Kama kuna sehemu umegusa nyuzi, paka epoksi nyembamba kwanza, ikauke vizuri, msasa tena. Ndo upige klia ya 2K, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuifanya iwe ngumu, koti tatu au nne, na kwenye kopo isomeke kwamba inakinga UV. Klia ya kopo la kupuliza isiyo na hadina usiniletee, mwaka haupiti utarudi hapa.

Dawa ya kubandua rangi msiijaribu, inakula na resini. Na atakayepuliza asivae kile kitambaa cha corona, hadina ya 2K ina isosayaneti, inaleta pumu, avae maski yenye vichungi vya kemikali, yenye bomba la hewa safi ndo bora zaidi. Mimi nimepuliza miaka mingi bila maski, sasa hivi nikipanda ngazi nasikia.

Mjukuu_wa_Malindi
Asalaam aleykum. Mie niko Maskati, huku kiangazi nyuzi 40 kawaida tu na gari linakaa nje. Mimi vioo vya pembeni vya kaboni nilivivalisha ile filamu ya kulinda rangi, PPF. Ya mwanzo nilinunua ya bei rahisi, wallahi filamu yenyewe ndo iligeuka njano, nikadhani kaboni imekufa, kuibandua chini kitu kizima kama jana. Nikaweka nyengine ya plastiki ya TPU yenye kinga ya UV, mpaka leo iko safi. Kwa hiyo mtu aangalie kwanza kama kinachogeuka ni filamu au ni kaboni, asije akapiga msasa bure.

Binti_Kilindini
Fundi ameeleza vizuri. Mimi naosha na kupiga polishi magari Mombasa, niongeze tu. Wateja wengi huniambia dada nipigie siramiki, ile dawa ya kupaka juu ya klia, kaboni isigeuke njano. Nafanya, pesa nachukua, lakini nawaambia ukweli kwamba siramiki kazi yake ni maji na uchafu visishike, jua inazuia kidogo sana, kinga yenyewe iko ndani ya klia. Waksi hivyohivyo, inasaidia ukirudia kila baada ya miezi miwili mitatu. Klia ikiwa mpya ngojeni kama mwezi kabla ya kuweka chochote juu, iache ipumue.

Kavari ya gari ni sawa lakini msifunike gari lenye vumbi, upepo ukivuma inakuwa msasa. Na mavi ya ndege na utomvu wa mwembe utoe siku hiyohiyo. Wa pwani angalieni pia bolti na bawaba za boneti, kaboni ikigusana na alumini penye chumvi, alumini inaliwa, weka washa ya plastiki katikati.

Mzee_Skaileni
Hata hiyo nyeusi aliyosema fundi wa kwanza msiicheke sana. Nissan wenyewe, ile Skaileni R34 GT-R V-Spec II ya mwaka 2000 ilitoka kiwandani na boneti ya kaboni na wakaipiga rangi ya bodi juu. Rangi inazuia jua kuliko klia yoyote. Ila najua vijana mnataka mkeka uonekane.

Boksa_Tegeta
Mrejesho wakuu, wiki tatu zimepita. Chini ya boneti hakukuwa njano, kwa hiyo jua. Spoila nimeifanya mwenyewe Jumapili mbili, imerudi kabisa. Boneti nimempa fundi mmoja kijana anayesikiliza, nilimsomea uzi huu mbele yake. Njano imetoka asilimia kubwa, pembeni ya skupu maji yalianza kuwa meusi akasimama, akapaka epoksi, lakini kwa karibu kuna alama ya ukubwa wa kiganja nyuzi zimefifia na haitatoka tena. Koti nne za klia. Kwa mbali huoni.

Kivuli sijapata bado, mwenye nyumba kakubali niweke mabati mawili nikigharamia mwenyewe.

Chuma_Chakavu
Jumla imekugharimu ngapi?

Boksa_Tegeta
Mkuu mke wangu anasoma humu, njoo PM.