MREJESHO: Idi yangu ya kwanza Tanga, mbali na nyumbani

Wiki iliyopita niliuliza: nimehamia Tanga kikazi, kwetu ni Ujiji, Idi el-Fitri inakuja na sina ndugu hata mmoja huku, nifanyeje? Wengi mlisema nikaswali, kisha nisikimbilie kurudi geto. Nawaletea mrejesho.

Fitri, ile sadaka ya kumaliza mfungo, niliitoa usiku uleule mwezi ulipoandama, pishi ya mchele, nikampa bibi mmoja mtaani kwetu Ngamiani. Asubuhi nikala tende tatu, nikavaa kanzu (ina mkunjo wa begi katikati ya kifua, pasi sina) nikaenda. Takbira zilipoanza machozi yakanitoka. Msinicheke. Kila Idi husimama pembeni ya baba.

Baada ya hutuba nikabaki kusaidia kukunja mikeka, kama mlivyoshauri. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mgeni wewe?" Nikamwambia natokea Ujiji. "Basi leo utakula kwangu."

Sinia moja la pilau, watu watano, na kachumbari yenye pilipili iliyonitoa kamasi. Watoto wakajipanga kunidai mkono wa Idi; nilikuwa na noti moja tu ya elfu kumi, ikabidi nikatafute chenji dukani.

Mama nilimpigia nikiwa nimeshashiba, siyo kabla. Aliyenishauri hilo, Mungu ambariki. Aliuliza swali moja tu: "Umekula?" Nikamsimulia pilau yote, mpaka ukoko. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yao mwaka huu imeungua.