Mzee kaambiwa mguu ukatwe, kuna anayejua hii ya kuzibua mishipa kwa puto?

Mwana wa Makorora: Waungwana habari za jioni. Mzee wangu ana sukari miaka mingi, tuko naye hapa Tanga. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi, kikavu, na usiku halali mpaka auning'inize mguu nje ya kitanda ndo apate ahueni, sisi tukajua uzee tu. Juzi daktari kasema ukatwe chini ya goti. Binamu yangu wa Dar anadai kuna kuzibua mshipa kwa puto, kweli au stori za kijiweni?

Mama Raskazone: Pole mwanangu. Ipo, marehemu mume wangu alifanyiwa Dar. Ganzi wanapiga kinenani tu, mtu yuko macho anaongea nao, wanapitisha mrija mwembamba mpaka kule chini ya goti kwenye vile vimishipa vidogo, puto linajazwa, mshipa unatanuka, damu inashuka. Mi nilijua imekubali niliposhika unyayo nikaukuta wa moto, maana miezi ulikuwa baridi kama samaki wa barafu. Ila kidole kilichokufa hakifufuki, hicho walikikata, na baada ya miezi minane mshipa ukaziba tena wakarudia.

Nesi mstaafu: Kuning'iniza mguu si uzee, damu haifiki! Kabla ya kisu ombeni Dopla, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita, na presha ya kifundo cha mguu igawanywe kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 mshipa una shida, chini ya 0.4 ni hatari. Lakini mwenye sukari mishipa yake hukakamaa, kipimo kinaweza kusoma vizuri kumbe kinadanganya, hapo ipimwe presha ya kidole cha mguu. Figo pia zipimwe, dawa wanayodunga wakipiga picha ya mishipa huzisumbua. Akianza usaha, harufu na homa, msisubiri basi la Dar, hapo kukatwa ndo kunaokoa roho.

Kaka Ngamiani: Wala si kitu kipya, daktari Charles Dotter alianza kuzibua mishipa kwa mirija, kabla hata ya puto, 1964 kule Oregon Marekani, kwa bibi wa miaka 82 aliyegoma kukatwa mguu. Mzee anavuta sigara?

Mwana wa Makorora: Anavuta, kwa kificho. Nimetoka kumshika nyayo sasa hivi, wa kushoto moto, wa kulia baridi kabisa. Asubuhi tunarudi kuomba Dopla na rufaa ya Muhimbili.