Nimekamatwa nikiwa na chombo cha tanga kisicho na namba ya usajili, njiani kukipeleka kupewa namba. Mlitaka nikibebe kichwani?

Wakuu salaam.

Moderator, tafadhali usiuunganishe uzi huu na ule wa boti za abiria, ni mambo mawili tofauti. Na wale wa "sheria ni sheria" naomba msome mpaka chini kwanza, halafu povu ruksa.

Leo ni siku ya 11 mashua yangu imelala ufukweni kwa watu, haina tanga, haina usukani, ubao mmoja wa ubavuni umepasuka. Kosa langu ni kwamba nilifanya kile nilichoambiwa nifanye kwenye dirisha la ofisi ya usajili.

Chombo chenyewe ni kidogo tu. Futi 19, tanga moja, injini hakina na sikuwa na mpango wa kukiwekea. Kimeundwa kijijini kwetu, pwani ya Tanga upande wa kusini, chini ya mkungu ulio mbele ya msikiti. Fundi ni ami yangu, mdogo wake marehemu baba, mzee wa miaka 71 aliyeanza kushika tezo mimi sijazaliwa. Mbao za mwembe, mataruma (mbavu za chombo) ya mtondoo. Ilichukua miezi 7, na si kwamba kazi ni ya miezi 7, ila pesa nilikuwa naituma kwa kudonoa: mwezi huu misumari, mwezi ujao mbao nne, mwezi wa tatu mtoto kaumwa hakuna kitu. Waliojenga nyumba kwa mshahara wananielewa.

Sasa kwa wasiojua bahari niseme jambo moja, maana uzi wote unasimama hapo. Chombo kipya cha mbao hakitoki kwa fundi kama ndoo ya plastiki inavyotoka dukani. Kati ya ubao na ubao hupigwa kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta, inashindiliwa kwa chembeu na nyundo mpaka ikaze. Chini hupakwa shahamu na chokaa. Halafu kinashuliwa majini, na kikishuliwa kinavuja. Lazima kivuje! Mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinabanana zenyewe. Siku ya kwanza unateka maji ngamani, chini ndani ya chombo, mpaka mgongo unauma, siku ya tatu unateka kata mbili ukanywe chai. Pale panapokataa kuziba ndipo fundi anapopajua, anakipandisha, anapiga kalafati upya. Na tanga vilevile. Mlingoti ukikaa siko chombo hakitaki kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, usukani ukiwa mdogo unavuta kana (mkono wa usukani) mpaka jasho linakutoka na omo, yaani mbele ya chombo, haigeuki. Hayo huwezi kuyaona chombo kikiwa juu ya magogo, hata uwe na shahada ukutani. Yanaonekana majini tu.

Kwa hiyo kila chombo cha tanga mnachokiona leo kina namba safi omoni, kilikwenda baharini kwanza bila namba. Vyote. Kila mtu wa pwani anajua hilo, na kila mwenye muhuri anajifanya halijui.

Mimi nimeishi mjini miaka 20 kwa kuajiriwa. Naogopa karatasi kuliko papa. Wenzangu kijijini waliniambia, we vua kwanza, karatasi zitakukuta mbele ya safari. Nikajifanya mstaarabu. Nikaenda ofisini (jina siliweki, nisije nikakosa chombo na kazi kwa mpigo) na barua ya serikali ya kijiji, karatasi ya fundi yenye dole gumba lake, na picha nne. Kijana wa dirishani alinipokea vizuri, sitamsingizia. Akasema chombo lazima mkaguzi akione: apime urefu, upana na kina, aone kinavujaje, aone maboya. Ndipo nipewe kontroo namba, nilipe, nichore namba yangu. Nikauliza mkaguzi atakuja lini kijijini.

Akacheka. Gari halina mafuta. Kama nina haraka nigharamie mafuta na posho ya mkaguzi, au nikilete chombo mwenyewe. Maneno yake nayakumbuka kama sura ya Fatiha: "Kilete tu kaka, wenzio wote wanaleta."

Basi nikilete. Kwa kitu gani? Nikaulizia lori. Bei niliyotajiwa ilikuwa karibu nusu ya thamani ya mbao zote, na juu yake utafute vijana wa kupakia na vijana wa kushusha. Halafu chombo kilichokwisha kunywa maji, ukikirusharusha barabarani juani nusu siku nzima, mbao zinakauka, kalafati inalegea, unafika mjini na tenga la samaki. Ami aliposikia habari ya lori alinitazama kama nimetukana.

Msimu wa demani ulikuwa umeingia, kusi imepunguza makali, na tunaelekea kaskazini, upepo mgongoni. Mnataka hali gani bora kuliko hiyo? Tukatoka alfajiri kwa umande, ule upepo wa kutoka nchi kavu. Ami kwenye usukani, mimi nimeshika demani (demani ya kamba ya tanga, si ya msimu, ingawa siku hiyo nilikuwa na zote mbili), mtoto wa dada yangu kazi yake kuteka maji. Maboya matatu mapya, na tumeyavaa, hata Ami aliyelalamika kwamba anafanana na kobe. Simu kwenye mfuko wa nailoni. Barua zote kwenye mfuko mwingine wa nailoni.

Na wakuu, chombo kilikwenda! Niruhusuni niseme hili hata kama ni uzi wa malalamiko. Jua linatoka, chombo kinakata maji hakiyumbi, Ami ameachia kana kwa vidole viwili tu kunionyesha kwamba usukani aliupatia. Tulipokuwa usawa wa Tongoni akamwonyesha mpwa wangu kule yaliko magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo, akamwambia wale walikwenda na vyombo vyao mpaka wakachoka na hakuna aliyewauliza namba. Kumbe anatuchuria.

Karibu na kisiwa cha Yambe ikaja boti ya doria. Vijana wanne. "Chombo namba ngapi?"

Ami akajibu, "Hakina namba mwanangu, ndiyo tunaifuata."

Wakacheka, na sisi tukacheka. Tulidhani yameisha. Mmoja wao, ambaye kwa umri ni mjukuu wa Ami kabisa na shikamoo hakutoa, akasema, "Mzee, unajua hapo ulipo umeshatenda kosa?" Nikatoa barua. Akazisoma zote, tena taratibu, akasema barua inasema chombo ni changu, haisemi chombo kiruhusiwe kusafiri. Nikamwambia afande, mwenzenu wa dirishani ndiye aliyeniambia nilete. Akasema huyo wa dirishani ni idara nyingine.

Idara nyingine! Milango yao inatazamana baraza moja, wanakunywa chai ya mama mmoja.

Wakatukokota mpaka ufukweni. Wakateremsha tanga na foromali (mti unaobeba tanga), wakang'oa usukani, wakasema ni kizibiti. Tanga lenyewe la kitambaa cha marekani, Ami kalishona kwa mkono siku 10, lilikuwa limerukiwa na maji njia nzima. Wakalikunja vilevile likiwa bichi, wakalisukumiza stoo.

Mpaka hapo nilikuwa bado na subira. Kilichonitoa kwenye subira ni mahali walipokitia nanga. Ami aliwaambia, kwa heshima kabisa, "Wanangu, msikiweke hapa, maji yakitoka kuna jiwe." Ilikuwa bamvua, wakati maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi. Anayeijua pwani yetu anajua bamvua maji yanashuka zaidi ya mita 3, mahali ulipoogelea alfajiri, mchana watoto wanacheza mpira. Wakamjibu, "Mzee tulia, tunajua kazi yetu." Usiku maji yakatoka, chombo kikapwelewa, kikalalia ubavu juu ya jiwe lilelile alilolisema. Asubuhi ubao wa tatu kutoka chini una ufa wa kupitisha kidole. Hakuna aliyesema samahani. Kuna aliyesema chombo changu kimeundwa vibaya.

Nikarudi dirishani, kijana yuleyule. Nikamkumbusha. Anakumbuka vizuri sana. Akasema: "Nilisema ulete chombo, sikusema uje nacho kwa tanga."

Nije nacho kwa kitu gani?

"Ungekokotwa na chombo chenye namba."

Sasa ndugu yangu, hilo ulilijua siku ile ya kwanza? Kama ulilijua, mdomo ulikuwa na nini? Kama kungekuwa na karatasi ukutani imeandikwa mstari mmoja tu, kwamba chombo kipya kikokotwe na chenye namba, mimi ningemlipa mwenye boti ya injini mafuta yake, ningekuwa na namba yangu leo. Ukutani hapo kuna kalenda ya miaka miwili iliyopita na tangazo la kiwanja.

Na hivi ndivyo nilivyofungwa, fuateni taratibu maana hata mimi nimelielewa siku ya tatu. Chombo hakirudishwi mpaka nilipe faini. Faini nikubali kulipa, lakini chombo kikirudishwa hakina namba, kwa hiyo hakiruhusiwi kutoka pale ufukweni kwenda popote. Namba haitoki mpaka mkaguzi akikague. Mkaguzi hakagui kizibiti. Na hata kizibiti kikiisha kuwa kizibiti, kitakaguliwa kikiwa na ufa, na chombo chenye ufa hakipiti. Nizibe ufa palepale? Fundi haruhusiwi kugusa kizibiti.

Kabla hamjanirukia, mimi sipingi usajili. Kijijini kwetu kiliwahi kuokotwa kihori kitupu mwambani, asubuhi, nyavu zimo, mtu hayumo. Hakina namba wala jina. Siku mbili watu wanapiga simu huku na huku kujua ni cha nani na walitoka wangapi. Namba ingesaidia. Hilo nalijua kuliko nyie mnaoniandikia "usalama kwanza" mkiwa Ubungo.

Lakini namba nayo haiogelei. MV Nyerere, kile kivuko cha Ziwa Victoria, ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa na jina lake ubavuni, na uwezo wake ulijulikana, watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Tuliokuwa kwenye mashua yangu tulikuwa watatu, maboya matatu, upepo mgongoni, nchi kavu inaonekana muda wote. Aliyetuhesabu hayupo. Aliyetafuta namba ndiye aliyekuwepo.

Ninachotaka ni kitu kidogo mno. Karatasi moja ya njia moja: chombo hiki kipya, cha fulani, kimeundwa na fulani, kinaruhusiwa siku tatu kujaribiwa karibu na kijiji na siku moja kuletwa kukaguliwa, watu wasiozidi wangapi, maboya mangapi. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri, ofisi ipigiwe simu, doria ijue. Tena mnilipishe hiyo karatasi, sijakataa. Au basi mkaguzi aje vijijini mara moja kwa mwezi, siku ijulikane, vyombo vipya vyote vimsubiri. Hapo atakayekutwa nje bila namba hata mimi nitawashangilia doria.

NYONGEZA 1: Mkuu mmoja hapo chini ameuliza kwa nini nisingemalizana nao palepale baharini. Nilidokezwa, ndiyo. Nikaomba kontroo namba, mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa. Sitaki kuingia zaidi.

NYONGEZA 2: Aliyesema "ungesubiri mkaguzi tu, una haraka gani": chombo kipya kikisubiri juu ya magogo miezi mitatu juani kinapasuka chenyewe. Na kaskazi ikishaingia, kwenda mjini kutoka kwetu ni kubisha upepo njia nzima, na chombo nisichokijua. Wewe ndiye unayetaka nife.

NYONGEZA 3: Asanteni mlionielekeza kwa PM (ujumbe wa faragha) niandike barua kwa mkubwa wao na nakala kwa mkuu wa wilaya. Nimeshaiandika, Jumatatu naipeleka kwa mkono nipate muhuri wa kupokelewa. Kama kuna mtu hapa, wa Tanga, Mafia, Kilwa, popote, aliyewahi kupewa kibali cha maandishi cha kujaribu chombo kabla ya usajili, naomba aweke picha yake, afiche jina, niiambatanishe.

Ami nilimrudisha kijijini kwa basi siku ileile ya pili. Ananipigia kila jioni baada ya isha. Faini haulizi, ufa haulizi, anasema ufa ni kazi ya siku moja. Swali lake ni moja tu, na sina la kumjibu: "Lile tanga wamelianika?"